Ukambaa wa Vidole Viwili

Mtu mmoja alikuwa na mikono miwili, na mmoja akaambiwa si wake.

Mtu huyo ni mwanamke, jina lake Kazija, na kijiji chao ni kijiji cha wasukaji. Wanaume wa huko wana kazi zao na leo hazituhusu. Wanawake wanasuka. Jua likishavuka kichwa, kila mmoja hujitwika ukindu wake, majani ya mkindu yaliyokaushwa na kuchanwa, akaenda uani kwa mkubwa wao, akakaa, akanyoosha miguu, akasuka ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa upana wa vidole vinne, na mkeka hauwi mkeka mpaka tepe nyingi za mikono mingi zishonwe pamoja. Kwa hiyo pale hakuna mkeka wa mtu mmoja. Mkeka ni wa wote, na maneno ni ya wote pia, maana mikono ikishazoea kazi ulimi hukosa la kufanya, ukaanza kupita nyumba za watu bila hodi.

Mkubwa wao wakati huo alikuwa Bi Mize, shangazi yake Kazija, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mwanamke mzito, tambuu shavuni saa zote, na neno lake likishatoka halirudi. Hilo la kutorudi lishikeni vizuri, maana ndilo lililokula watu.

Kazija akiwa na miaka saba alisuka kama mtu anayefukuzwa na furaha. Hakuna aliyemtuma. Alisuka ukindu. Akikosa ukindu alisuka majani, akikosa majani alisuka nywele za wenzake, na siku moja alimsuka mkia mbuzi wa jirani, mbuzi akapita njia kuu na msuko kama bibi harusi, watu wakacheka siku mbili. Na kila shibiri mbili za ukili wake aliingiza jani moja lililotiwa rangi nyekundu. Hakuna aliyemwambia atie jekundu. Alipenda tu macho yake yakutane nalo njiani, kama unavyopenda kukutana na mtu wako.

Kosa lake lilikuwa moja. Mkono uliotangulia kugeuza majani ulikuwa wa kushoto. Kula alikula kwa wa kulia, kupokea alipokea kwa wa kulia, kusalimia vivyo hivyo, na hapo hakuna aliyegombana naye. Lakini akishika ukindu wa kushoto ulitangulia wenyewe bila kuulizwa, na ukili wake ukalala kinyume. Msuko wa wenzake ulipanda kwenda kulia, wake ulipanda kwenda kushoto. Hakukuwa na tundu, hakukuwa na pindo lililolegea. Ulikuwa umekaza hata maji yasingepita.

Aliyeligundua jambo hilo alikuwa Chumu, msichana wa rika lake, ambaye Mungu alimpa macho ya kuona aibu ya mtu kabla mwenyewe hajaiona. Chumu aliuchukua ukili wa Kazija, akaulaza kando ya wa mwenzake, akapaza sauti uani pote:

"Bi Mize, njoo uone maajabu! Ukili wetu unaingia msikitini, wa Kazija unaingia chooni!"

Wanawake walicheka mpaka wakaangusha kazi. Jina la Kazija Mashoto lilizaliwa pale pale, na kabla ya magharibi lilikuwa limeshafika kisimani.

Bi Mize aliuchukua ukili, akautazama, akatema tambuu pembeni, akahukumu.

"Ukili wa kushoto haushonwi na wa kulia. Ukishonwa, mkeka mzima utapinda."

Uani pale palikuwa na wanawake wasiopungua ishirini, na kila mmoja ana sindano yake. Hakuna hata mmoja aliyesema, hebu tushone tuone. Sindano ishirini! Mtu akikwambia kisima kimekauka utachungulia. Akikwambia jirani kapata mchumba utakwenda kuulizia, tena haraka, hata chungu kikiungua. Lakini wakiambiwa kwamba mkono wa mtoto una kasoro, watu wazima wote waliitikia kwa kichwa wakaona hilo halihitaji kuchunguliwa.

Bi Mize akasokota ukambaa mwembamba wa ukindu. Akakishika kidole gumba cha kushoto cha yule mtoto na kile cha shahada, akavifunga pamoja. Mkono ukabaki na uwezo wa kushikilia kazi, lakini hauwezi kugeuza jani. Akamwambia, "Utabaki hivi mpaka uwe mtu."

Mtoto alilia. Alilia siku ya kwanza, alilia ya pili, na wiki nzima alisuka huku kamasi zikimwingia mdomoni. Mkono wa kulia haukuijua kazi. Ukili uliotoka ulikuwa na matundu ya kupitisha dengu. Lakini ulilala kulia! Na kina mama waliokuwa wakicheka wakaanza kumsifu. "Kazija mwanangu, mashaallah, sasa unakuwa mtu." Mwingine akampa kipande cha halua. Mwingine akampangusa kamasi kwa kanga yake. Halua huisha mdomoni, lakini lile neno la kuwa mtu halikuisha. Alilala nalo, akaamka nalo, akaanza kulitafuta kila siku kama mlevi anavyotafuta kikombe chake.

Na neno hilo ndilo lililomfunga, si ukambaa. Mwaka wa kwanza alikuwa akifungwa. Mwaka wa pili alikuwa akinyoosha mkono mwenyewe ili afungwe. Mwisho wa mwaka wa pili Bi Mize alimwambia, "Basi, mwanangu, umekuwa mtu, huhitaji tena," akautupa ukambaa jaani. Kazija akashikwa na woga kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alikwenda jaani, akauokota, akaufuta majivu, akauzungusha kwenye vidole viwili, akakaza fundo kwa meno.

Mbuzi wa jirani hakusukwa tena. Hakuna aliyeliona hilo, maana nani anakaa akihesabu furaha ya mtoto? Tangu hapo Kazija hakusuka hata jani moja bila mtu wa kumtazama. Uani penye watu alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuinuka. Ndani peke yake alikaa na mikono mapajani kama mgeni.

Bi Mize alifariki Kazija akiwa msichana wa kuolewa. Baada ya matanga akaolewa na Faki, mwanamume mpole, asiye na maneno mengi, ambaye alisema moja tu katika ndoa yao na likamgharimu. Alimwona mkewe asubuhi akijifunga vidole kwa meno, akauliza:

"Mke wangu, shangazi yako tumemzika mwezi wa nne huu. Hiyo kamba nani anaikagua?"

Siku tatu Faki alikula muhogo wa kuchoma kwa dada yake. Siku ya nne aliomba radhi. Hakuuliza tena mpaka naye akazikwa, na baadhi yetu tunaona mwanamume yule alikufa na swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kijijini pale.

Miaka ikapita, na Kazija akawa Bi Kazija. Akawa mkubwa wa wasukaji. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na alama iliyozunguka kama pete, nyama imeingia ndani, na aliionyesha kwa fahari kwa mabinti: "Mimi nimefunzwa." Ukili wake ulikuwa bado na matundu. Ukiukung'uta ulimwaga mchanga upande wa pili. Lakini nani atamwambia mkubwa? Wote waliusifia, na wale wajanja wakaanza kusuka wa kwao na matundu vilevile ili wafanane naye. Haya mambo yapo. Msidhani yametungwa.

Sasa Bi Kazija alikuwa na mjukuu wa kike, Raya, binti wa mwanawe, aliyekuwa akiishi naye. Siku moja alirudi kutoka kisimani akakuta ncha zote za nyuzi za pazia la mlangoni zimesukwa, moja moja, kwa ufundi ambao hakuna mtu mzima nyumbani mle aliyekuwa nao. Akatazama vizuri. Msuko ulipanda kwenda kushoto. Moyo ulimruka yule bibi, na kwa muda hakujua umeruka kwa furaha au kwa hofu. Akaamua ni hofu. Alipotoka uani na yule mtoto, Chumu, ambaye sasa ni Bi Chumu, hana jino hata moja lakini ulimi ungali mzima, alicheka akasema:

"Shoga, damu haipotei! Tumepata Mashoto mdogo."

Na Bi Kazija akasokota ukambaa.

Mtoto alilia wiki nzima. Bibi yake alikuwa akimfunga huku amegeuza uso, na aliyemuuliza kwa nini anageuza uso alijibiwa kwamba moshi wa jikoni umemwingia machoni. Jikoni hapakuwa na moto.

Ikakaribia maulidi, na zamu ya kuyasoma ilikuwa kwa Bi Kazija. Akataka kutandika mkeka wa heshima, mkeka wa marehemu Bi Mize. Mkeka huo Bi Mize aliushona mwenyewe, mlango umefungwa, akaulalia mpaka siku ya kufa kwake, na wote waliouona walisema haujapata kushonwa mkeka uliotulia namna ile. Kazija alipourithi aliukunja akauning'iniza juu kwenye boriti. Hakuukunjua hata mara moja. Heshima ilimzuia.

Aliushusha asubuhi moja akiwa peke yake ukumbini. Panya walikuwa wamekula pindo. Akachukua kisu chake cha kuchania ukindu, akaanza kufumua ukingo ili ashone upya. Upande wa juu mkeka ulikuwa umefifia kwa migongo na maji ya miaka, rangi haijulikani. Ukili wote ulilala vizuri, wote kulia, mstari mmoja kama watu katika swala. Alipofumua pima mbili tatu, utepe ukamteleza mapajani, ukaanguka sakafuni, ukageuka chini juu.

Ukalala kushoto.

Yule bibi alidhani macho yamemchezea. Akaugeuza, ukalala kulia. Akaugeuza tena, ukalala kushoto. Na upande ule wa chini, ambao jua halikuuona, palikuwa na jani jekundu. Akapima kwa mkono wake shibiri mbili za kitoto. Jekundu jingine. Shibiri mbili. Jekundu jingine. Aliendelea kufumua mpaka katikati ya mkeka, na nusu nzima ya mkeka wa Bi Mize ilikuwa ni ukili wake yeye, wa umri wa miaka saba, umekaza, hauna tundu, haujapinda hata kwa upana wa unywele.

Kumbe ilitosha kuugeuza. Basi! Ukili wa kushoto ukiugeuza chini juu unalala sawasawa na wa kulia. Jambo la kufanya kwa mkono mmoja huku mwingine unapepea inzi. Na Bi Mize aliligundua. Aliligundua siku gani, kabla ya kumfunga mtoto au baada, Mungu ndiye ajuaye, lakini aliligundua, akajifungia, akashona, akalalia. Kila siku mchana alimfunga mtoto vidole kwa sababu ukili wake haufai, na kila akienda kulala alinyoosha mgongo wake mnene juu ya ukili uleule, akalala vizuri. Neno lilikuwa limeshatoka mbele ya watu ishirini. Neno la mkubwa likirudi mkubwa anaonekana mdogo. Bora mkono wa mtoto ufe kuliko Bi Mize aseme, jamani, nilikosea.

Hasira ilimpanda Bi Kazija mpaka masikio yakavuma. Alisimama akataka kwenda makaburini, walla, akamtukane shangazi yake kwa jina, watu wasikie. Alifika mlangoni. Hapo mkono wake ulishika mwimo wa mlango, na akauona: kidole gumba na cha shahada, vimefungwa pamoja, fundo bichi la asubuhi ya leo. Akasimama. Bi Mize alimfunga miaka miwili. Ya asubuhi ya leo nani alifunga? Ya jana? Hasira ikakosa pa kwenda. Ilikuwa kama mtu aliyebeba jiwe akitafuta wa kumpiga, kila akizunguka anajiona mwenyewe.

Alikata fundo lake. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Akauweka mkeka begani, kisu mkononi, akatoka uani. Wanawake walikuwa wameshaanza kufika, na katikati yao alikuwa Raya, akimngoja bibi yake. Mtoto alipomwona alikimbia, uso unang'aa, akaunyoosha mkono wa kushoto juu ili wote waone. Ukambaa ulikuwa umekazwa, na ncha yake ilikuwa bado ina mate.

"Bibi, leo nimejifunga mwenyewe, kwa meno. Nimekuwa mtu?"

Bi Chumu alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Wengine wakapokea. Uani pote palijaa vigelegele, na katikati ya vigelegele hivyo Bi Kazija alikishika kile kiganja, akaingiza kisu, akaukata ukambaa.

Mtoto alipiga ukelele kama mtu aliyechunwa. "Nifunge, Bibi! Nifunge! Wataniita Mashoto!" Akapiga magoti, akaanza kukusanya vipande vya ukambaa mchangani, akivibana tena kwenye vidole vyake.

Bi Kazija aliutandika mkeka mbele yao. Aliukunja upande mmoja akawaonyesha, akaukunjua, akaukunja tena. Kulia. Kushoto. Kulia. Akaweka kidole kwenye jani jekundu, na waliokuwa watoto pamoja naye wakalitambua, maana hakuna mwingine aliyewahi kusuka hivyo. Vigelegele vilizimika kimoja kimoja. Bi Chumu aliinama, akaugeuza mwenyewe mara tatu, kwa sababu lile jicho lake halijapata kuzeeka. Kisha akainuka akasema kwa upole, na upole wake ulichoma kuliko ile sauti ya utotoni:

"Sawa shoga, ni kweli. Lakini sasa tufanye nini? Si tumeshazoea?"

Wakaitikia. Wakaitikia! Kwamba ni kweli, tumeshazoea.

Bi Kazija alikaa chini kando ya mtoto, akanyoosha miguu, akavuta ukindu, akautanguliza mkono wake wa kushoto. Mkono ulikuwa umesahau. Kidole gumba hakikuweza kuachana na cha shahada; vilikaa vimeshikana vyenyewe ingawa hakuna kilichovifunga. Jani likamponyoka. Akaliokota. Likamponyoka. Uliotoka haukuwa ukili, ulikuwa uchafu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkubwa wa wasukaji alikuwa akisuka vibaya mbele ya watu bila kumtazama usoni hata mmoja wao.

Mtoto alikuwa bado analia, vipande vya ukambaa kiganjani. Alimtazama bibi yake akikosea. Akamtazama akikosea tena. Kamasi zikamwingia mdomoni, akazipangusa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, bila yeye kujua, ukatoka ukamrekebishia bibi yake jani moja.

Vile vipande vikaanguka mchangani. Siku ile hakuna aliyeviokota, wala hakuna aliyevitupa.

Bi Mize ni rahisi kumlaani, yuko kaburini, hajibu. Lakini wewe uliyekuwa ukimlaani tangu mwanzo wa maneno haya, hebu kitazame kidole gumba chako: hiyo alama iliyokizunguka, ni ya meno ya nani?